Tela limelala Kitonga, shingo imepinda: tutengeneze, tufungue vipuri au twende skrepa?

Mbao za Sao (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya wenye matela, mafundi wa kuchomelea na watu wa bima, maana nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Nina tela la flatibedi, futi 40, ekseli tatu, tunamiliki nusu kwa nusu na shemeji yangu aliyeko Mafinga. Lilikuwa linashuka na mbao kuja Dar. Kwenye mteremko wa Kitonga breki zikachemka, dereva akaona bora aliingize mtaroni upande wa ukuta wa mlima kuliko kwenda korongoni. Kichwa (gari linalovuta tela) kilibaki kimesimama, tela likajikunja, mkia ukafagia vyuma vya ukingo wa barabara, kisha likalala ubavu. Dereva alivunjika mkono, anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Kichwa si chetu, ni cha jamaa tunayefanya naye kazi, na kina bima kubwa. Tela ni la zamani, lina bima ndogo.

Hali ilivyo: shingo (sehemu ya mbele ya tela inayokaa juu ya kichwa) imepinda kwa kuangalia tu, boriti ndefu ya kushoto imebonyea karibu na miguu ya kusimamishia tela likiwa bila kichwa, mguu mmoja umekatika, matairi manne yamechanika, ekseli ya kwanza ina wasiwasi. Bodi ya mbele hata tusiizungumzie. Liko yadi Iringa, tunalipa mlinzi kila siku inayopita.

Mezani kuna mambo matatu. Fundi wa Makambako kasema milioni 14 anarudisha barabarani, na shemeji yuko upande huo. Mtu wa skrepa kasema shilingi 900 kwa kilo, anabeba lote kama lilivyo. Wa tatu anataka kununua tela zima kwa milioni 12 taslimu, "pamoja na kadi". Huyu wa tatu ananipa mawazo, maana alifika yadi akazunguka mara moja, hata kuinama kuangalia chini hakuinama.

Nishaurini.

Kichwa Kimoja

Pole sana mkuu, na pole kwa dereva. Huyo kijana mtunzeni, kuchagua ukuta badala ya korongo pale Kitonga si kila mtu anakuwa na akili hiyo kwa sekunde zile.

Maswali kabla watu hawajaanza kumwaga ushauri: kadi iko kwa jina la nani? Ekseli ni za kampuni gani? Trafiki wameshamaliza kazi yao? Na boriti ni chuma cha kawaida au kile chuma chepesi kigumu? Hilo la mwisho ndilo litakaloamua zaidi ya milioni 14 za fundi.

Popo wa Ubungo

Bila picha hii ni hadithi ya sungura. Weka picha.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Picha zina namba ya tela na sura za watu, siweki. Nitaeleza kwa maneno.

Kadi ina majina yetu wawili. Ekseli ni BPW, springi za kawaida, si za upepo. Tela lilitoka Ulaya likiwa limetumika, kibati cha kiwandani bado kipo kwenye boriti ila maandishi yamefutika nusu. Trafiki walipima eneo la tukio wakachora ramani, ila mkaguzi wa magari bado hajatoa ripoti yake.

Dada wa Bima

Kaka, kama mkaguzi hajatoa ripoti, msifungue hata nati moja. Ripoti ya ukaguzi wa gari ni PF 93 na ile ya mwisho ya ajali ni PF 90, na zote utaombwa na kampuni ya bima hata kama tela lenyewe halina bima kubwa. Nimeona mtu kafungua chemba za breki mapema ili zisiibiwe, halafu mkaguzi akakuta mfumo wa breki haupo. Hapo utajieleza mpaka usiku.

Sasa kwa nini bima inakuhusu wakati tela ni bima ndogo? Kwa sababu ya vile vyuma vya ukingo. Ile ni mali ya umma iliyo chini ya TANROADS, wakala wa barabara, na watakuletea bili. Bima ndogo inalipa madhara uliyomsababishia mtu wa tatu, na mali ya mtu wa tatu ni pamoja na ukingo wa barabara, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Watu wengi wanadhani bima ndogo ni ya kumuonyesha trafiki tu, wanalipa bili mfukoni. Usilipe. Peleka taarifa kwa maandishi leo, wewe na mwenye kichwa, kwa sababu wakati wa ajali tela lilikuwa linavutwa na kichwa na mabima mawili hayo yatabishana ni nani alipe. Waache wabishane wao, wewe hakikisha taarifa imefika kote kuwili.

Na usikubali kosa kwa maandishi kwa yeyote kabla ya kuongea na bima yako. Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA, wasimamizi wa bima nchini, wapo.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Dada, asante. Bili ya TANROADS sikuwa nimeifikiria kabisa, akili yote ilikuwa kwenye shingo. Tumewasilisha taarifa pande zote mbili.

Fundi Shingo

Nimesoma. Nimechomelea matela maisha yangu yote, Tabata na baadaye Mbeya, kwa hiyo nitaongea kama fundi na mtanisamehe urefu.

Aliyekwambia milioni 14 alipima nini? Kama alisimama pembeni akatikisa kichwa akataja bei, hiyo ni bei ya ujasiri. Tela lililolala ubavu linaweza kuonekana limepinda sehemu moja kumbe limejinyonga, yaani limejisokota, kuanzia shingo mpaka mkia. Boriti mbili ndefu zinashikwa na vyuma vya kukingama. Likilala na mzigo, vile vya kukingama vinachomoka kwenye weldi zake kimoja kimoja na boriti zinapishana. Ukinyoosha shingo peke yake, ukaunga kichwa, tela litatembea likiwa limekaa upande barabarani, linakula matairi, na dereva anashika usukani kwa nguvu akidhani kichwa ndicho kibovu.

Kwa hiyo kabla ya hela kutoka, pima. Huhitaji mashine.

Lisimamishe juu ya vigogo, sawasawa, kwa pimamaji. Chukua tepu ya chuma. Kutoka katikati ya kingpini (ile pini ya chini ya shingo inayoshikwa na kichwa) mpaka ncha ya ekseli ya kwanza kushoto, andika. Kisha kulia, andika. Kwenye tela lisilopinda tofauti inatakiwa isizidi milimita 3 hivi. Halafu ekseli kwa ekseli, kushoto na kulia, hapo tofauti iwe nusu ya hiyo. Ikizidi, kuna mawili: ekseli imesogea kwenye springi zake (yu-bolti zimelegea, pini ya katikati imekatika), ambayo ni kazi ndogo, au chasisi imekwenda. Utajua kwa kupima boriti yenyewe: chagua matundu mawili yanayofanana kushoto na kulia, vuta uzi kona kwa kona mithili ya X. Nyuzi zikitofautiana urefu, umepata jibu.

Kujinyonga unakuona kwa macho. Kaa nyuma ya tela, weka ubao ulionyooka juu ya mkia na mwingine juu ya shingo, tazama kama mbao zote mbili ziko sambamba.

Nyufa: safisha weldi za shingo kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, acha yanywe, futa kabisa, halafu paka chokaa nyepesi. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatokeza kwenye chokaa kama mstari. Anza na ubao wa chini wa boriti (kile chuma bapa cha chini, si mbao) pale shingo inapoanza kushuka, ndipo penye kuteswa kuliko kote.

Kingpini pima pia. Ile ya inchi mbili ni milimita 50.8 ikiwa mpya. Ikifika 49 ni ya kutupa. Na kama sahani inayoibeba imepinda, kingpini haichomelewi ikaitwa imepona. Inabadilishwa. Fundi akikwambia ataijazia weldi kisha aichonge kwa grenda, chukua kofia yako uondoke.

Nirudi kwa Kichwa Kimoja. Matela mengi ya Ulaya boriti zake ni chuma kigumu, chembamba, kilichopata ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa na kupozwa kwa utaratibu. Sisi mafundi wa mtaani tukipiga gesi mpaka kiwe chekundu ili kinyooke, ule ugumu unaondoka. Kitanyooka vizuri kabisa, utafurahi, utapaka rangi. Kitarudi kuinama siku ya tani 30 kwenye tuta. Chuma cha kawaida kinene kina uvumilivu zaidi, hicho naweza kukubali kukinyoosha kwa jeki na moto kidogo na kuongeza bamba.

Makambako Juu

Fundi heshima yako, lakini unawatisha watu. Tela langu lililala Sekenke, likakatika shingo kabisa, likaungwa hapahapa Makambako na bado linapiga Tunduma mpaka leo. Mafundi wetu wanajua kazi. Mkisikiliza vitabu, nusu ya matela ya nchi hii yangekuwa yameegeshwa.

Milioni 14 unapata tela. Hilo jipya utalipata wapi kwa milioni 14?

Fundi Shingo

Makambako Juu, sikatai. Tela lako lilikuwa chuma gani? Kama ni yale ya zamani mazito ya boriti nene, naamini kila neno. Hayo unaweza kuyakata na kuyaunga mpaka uchoke. La ndugu yetu ni la Ulaya na boriti imebonyea ubavuni. Ubavu wa boriti ukibonyea karibu na miguu maana yake ubao wa juu na wa chini havishirikiani tena hapo. Kujibu bila kupima siwezi, na wewe usimjibu.

Makambako Juu

Langu ni la zamani, ndiyo. Hapo nimekuelewa. Lakini pima bei zako vizuri pia, maana mtu akifungua vipuri ndio anaibiwa kabisa.

Karani wa Mizani

Niongeze la mizani, maana mafundi hulisahau. Mkiimarisha shingo na boriti kwa mabamba, uzito huo unatoka kwenye mzigo wako.

Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu zenye matairi mapacha: usukani tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa tani 18, za tela tani 24. Jumla 50. Hiyo ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, huku kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Toa kichwa tani 9, toa tela tani 7 na nusu, umebaki na 33 na kitu. Fundi akikuwekea mabamba ya nusu tani, ni nusu tani ya mbao usiyobeba kila safari.

Na ubaya mwingine: tela lililojinyonga linagawa uzito vibaya. Unaweza kuwa chini ya 50 kwa jumla na bado ekseli moja ikazidi. Mizani ya Wenda, Mikese, Vigwaza, kote utasimamishwa kwa kosa la chasisi na si la mzigo. Utapanga mbao upya barabarani mpaka ujute.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Hili la ekseli moja kuzidi limenigusa. Hata kabla ya ajali ekseli ya nyuma ilikuwa inakaribia sana.

Wakati huohuo nimepiga hesabu ya shemeji upya. Milioni 14 za fundi hazina matairi manne, hazina ekseli kama ya kwanza imekufa, hazina mguu, hazina lobedi (tela la chini la kubebea mizigo mizito) ya kulipeleka Makambako. Nikiongeza hivyo kwa bei nilizoulizia nafika milioni 22 na chenji. Tela lililotumika na zima la aina hiyohiyo nimetajiwa milioni 35 hapa Dar. Shemeji anasema tofauti ni milioni 13, hizo ni hela.

Kichwa Kimoja

Shemeji yako anasahau kwamba la milioni 35 halijawahi kulala Kitonga. Ukiliuza baadaye unauza tela. Lile la kuungwa, mnunuzi ataona weldi na atalipa bei ya weldi.

Kijana wa Skrepa

Mimi niko kwenye biashara yenyewe. Nisikilizeni bila kunitukana.

Bei ya 900 kwa kilo si mbaya. Shida ni neno "kama lilivyo". Tela lako lina tani 7 na nusu kwenye kadi, lakini mnunuzi hapimi kadi. Atatoa matairi, atatoa mbao za sakafu, atatoa matope na kutu, utabaki na tani 6 kama mizani yake ni ya kweli. Hiyo ni milioni 5 na laki 4. Halafu akifika kwake atafungua ekseli zilizo hai na kuziuza kama ekseli, siyo kama vyuma. Faida yake yote iko hapo, na wewe umemuuzia kwa bei ya bati.

Fungua mwenyewe kwanza. Ekseli za BPW zinatafutwa, springi zinatafutwa, rimu, chemba, hosi, matangi ya upepo, loki za kontena kama unazo, mguu uliobaki. Kilichobaki ndicho skrepa, na hicho kata vipande vya kubebeka kwa Fuso, maana kukodi lobedi kupeleka vyuma chakavu ni kulipa mara mbili. Usimamie mizani mwenyewe, kabla na baada ya kupakia.

Na muuzie mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira, akupe risiti. Vyuma vya barabarani na vya umeme vimewaponza wengi. Ukikutwa na shehena isiyo na karatasi utaulizwa ni tela au ni ukingo wa daraja.

Mpwani wa Mariakani

Poleni ndugu zetu wa Tanzania. Nithibitishe hilo la karatasi. Huku Kenya Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya nguzo za stima kuhujumiwa, ikafunguliwa Mei mwaka huohuo kwa masharti. Jamaa waliokuwa na trela zimekatwa yadini walikaa nazo hivyo, hawawezi kuuza wala kuzirudisha. Tangu hapo mimi sikati chuma mpaka mnunuzi amenionyesha leseni yake.

Hapa Mariakani jua kali wanaunga trela usiku na mchana, na nyingine zinaungwa vizuri. Lakini sijawahi kumwona mwenye trela akipanda na familia nyuma ya ile aliyoiunga.

Popo wa Ubungo

Hahaha, hapo umemaliza.

Kadi Mkononi

Wote mmemruka yule wa milioni 12, na huyo ndiye hatari kuliko shingo.

Mleta uzi umejijibu mwenyewe kwenye bandiko la kwanza. Mtu ananunua tela lililopinda kwa milioni 12, hainami kuangalia, anataka kadi. Huyo hanunui chuma. Ananunua namba ya usajili na namba ya chasisi yenye historia safi TRA. Mahali fulani kuna tela zima lisilo na karatasi, pengine limeibwa, pengine limevushwa mpaka bila ushuru. Atakata kipande cha boriti chenye namba zako, atakichomelea kule, na kesho kuna tela lenye jina lako na la shemeji yako linatembea. Likiua mtu, wewe ndiye mmiliki. Likikamatwa na magendo, wewe ndiye mmiliki.

Ukitaka kumuuzia, sema sawa, twende TRA tuhamishe umiliki kwanza, mkataba mbele ya wakili, useme wazi kwamba tela limepata ajali na liko katika hali gani. Mwangalie uso.

Na kama mtalifungua vipuri, kadi isibaki kabatini. Andikeni TRA kuomba usajili ufutwe, rudisheni kadi na vibao vya namba. Kile kipande cha boriti chenye namba ya chasisi kikatwe kwa gesi katikati ya tarakimu, mkishuhudia, baada ya polisi na bima kumaliza. Msimwachie mtu wa skrepa kikiwa kizima.

Makambako Juu

Hili la kadi ni kweli kabisa. Mpakani Tunduma tunaliona. Milioni 12 kwa mzoga, nilijiuliza pia.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Nilimpigia. Nikamwambia tukutane TRA. Akasema yuko safarini Kahama, atanitafuta. Leo simu haipatikani.

Mhasibu wa Jioni

Dokezo fupi kwa waliosajili biashara. Tela liko kwenye kundi la mali zinazokatwa uchakavu asilimia 25 kwa mwaka, tofauti na pikapu ndogo ambazo ni 37.5. Mkiuza vipuri, mapato hayo yanapunguza thamani iliyobaki kwenye kundi hilo. Msiyachukulie kama hela ya sikukuu. Tunzeni risiti za mlinzi, kreni na usafiri, ni gharama za biashara. Na mkiwa na VAT, mauzo ya vipuri nayo ni mauzo.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Ripoti ya mkaguzi imetoka, tumepata ruhusa ya kuligusa. Shemeji alikuja Iringa na fundi wake wa Makambako, nami nikamleta kijana mwenye tepu na uzi, tukafuata maelekezo ya Fundi Shingo mstari kwa mstari. Nilitaka shemeji aone kwa macho yake, nisije nikaonekana nimemshinda kwa maneno ya mtandaoni.

Kingpini mpaka ekseli ya kwanza: kushoto na kulia zinatofautiana milimita 41. Shemeji akasema ekseli imesogea tu. Sawa, tukapima uzi kona kwa kona kwenye boriti zenyewe, bila kuhusisha ekseli. Milimita 26. Ubao wa shingo na wa mkia, hata mtoto anaona haviko sambamba. Tukapaka mafuta ya taa na chokaa. Ubao wa chini upande wa kushoto ulitoa mstari wa urefu wa kiganja, na kulia ambako hakukuwa na dalili yoyote ukatokea mwingine mfupi.

Huo wa kulia ndio uliomaliza mjadala. Fundi wa Makambako mwenyewe, na namheshimu kwa hili, alivua glavu akasema bei yake ilikuwa ya upande mmoja, na kwamba kwa chuma hiki hawezi kuweka jina lake.

Ekseli: ya kwanza imepinda. Tuliinua kwa jeki, tukapima umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, tofauti ni kubwa. Ya pili na ya tatu ziko sawa.

Kwa hiyo tunafungua. Hesabu tuliyoandika kwenye karatasi pale yadini: ekseli mbili milioni 6 kwa mnunuzi aliyekwishakuja kuziona, matairi manane yaliyobaki milioni 2, springi na vitu vya upepo kama milioni na nusu, chuma kilichobaki tani 4 hivi. Tunakaribia milioni 13 kwa jumla, kabla ya kulipa vibarua na gesi. Hazinunui tela. Zinalipa mlinzi, mchango wetu kwa matibabu ya dereva, na zinaanzisha mfuko wa tela lingine lililotumika. Shemeji amekubali kuingiza zile alizokuwa amezitenga kwa matengenezo.

Fundi Shingo

Milimita 26 kona kwa kona, hakuna aliye na akili timamu angeunga hapo. Mpe salamu huyo fundi wa Makambako, ni wachache wanaovua glavu.

Jambo moja: ekseli iliyopinda isiuzwe kama ekseli. Kuna watu wataichukua wakaipiga moto ikanyooka wakamuuzia mwingine. Toa habu, chemba na sleki (za kurekebisha breki), vina soko. Bomba lenyewe likate katikati liende skrepa.

Dada wa Bima

Na bili ya TANROADS imefika?

Mbao za Sao (mleta uzi)

Imefika kwa mwenye kichwa, ameipeleka bima yake. Wameomba PF 90 na ramani ya tukio, tumewapa. Wanabishana kama ulivyosema.

Fundi, ekseli tumeelewana, itakatwa.

Makambako Juu

Usiuze boriti zote skrepa. Ule upande wa nyuma ulionyooka, kuanzia ekseli ya pili mpaka mkiani, ni daraja tosha la kuvusha trekta kwenye mtaro wa shamba. Shemeji yako si yuko Mafinga? Huko mitaro haiishi.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Umemsoma. Alishaweka alama kwa chaki mahali pa kukata kabla hatujamaliza kula. Namba ya chasisi iko mbele, kwa hiyo kipande chake hakina shida. Cha namba tulikikata mbele ya mlinzi na mjumbe, kadi na vibao vimeshawasilishwa TRA pamoja na barua.

Kichwa Kimoja

Rimu za yale manne yaliyochanika ziko hai? Za tundu 10? Nahitaji mbili.

Mbao za Sao (mleta uzi)

Tundu 10, inchi 22.5. Moja ina ufa, tatu nzima. Njoo inboksi, ila mnunuzi wa ekseli naye ameziulizia, atakayetangulia.

Popo wa Ubungo

Ile ya tatu niwekeeni mimi. Na picha za rimu naomba, hizo hazina namba.